Saa za Mtoto na Saa za Cherehani

Somo kwa wazazi wafanyao kazi zao wenyewe nyumbani

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wa sharika mkutanao na akina mama juma kwa juma, somo la mwezi huu ni la nyumbani. Lawahusu wale wasio na bwana wa kazi: fundi wa cherehani, msusi wa nywele, mama apikaye maandazi ya kuuza, kijana apokeaye kazi za kuandika au kutafsiri kwa simu na kompyuta, hali ameketi sebuleni mwake. Watu hao hawana mshahara wa mwezi, wala hawapigiwi kengele ya kuingia na kutoka. Hupokea kazi moja moja, huimaliza, hulipwa, kisha hungoja nyingine. Tena wengi wao wana watoto wadogo wasiofikia bado umri wa kwenda shule. Basi na tuchunguze jinsi kazi ya namna hii na malezi ya mtoto viwezavyo kukaa katika nyumba moja pasipo kimoja kumla mwenziwe.

Nitachukua mfano wa fundi wa cherehani, maana kazi yake naiona kila siku hapa Moshi, na kwa sababu yaonyesha mambo waziwazi. Afanyaye kazi nyingine atageuza majina ya vitu tu, naye ataona kwamba hesabu ni ile ile.

Watu husema juu ya fundi kama huyo, "Yeye ana raha, yuko nyumbani na mtoto wake." Maneno haya yamewadanganya wengi, hata mafundi wenyewe. Kuwa chumba kimoja na mtoto si sawa na kuwa na nafasi ya kumlea. Tazameni mwenzake aliyeajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akizaa pacha. Akirudi kazini hali angali akinyonyesha, yampasa mwajiri kumwachia nafasi ya kumnyonyesha mtoto, hata saa 2 kwa siku. Baba aliyeajiriwa naye hupewa siku 3 walau. Fundi wetu hana hata moja katika hayo. Si kwamba sheria yamchukia. Sheria hiyo yasema na mwajiri, na mwajiri wa fundi huyu ni yeye mwenyewe. Asipojipa likizo, hakuna atakayempa. Asipojiwekea saa za kunyonyesha, mteja hatamwekea.

Wazee wetu walikuwa na mpango wao. Mama alipokwenda kukata majani ya ng'ombe au kulima kihamba, mtoto alibaki na dada yake mkubwa, au na bibi aliyekuwa akiota jua mlangoni. Kazi ilikuwa nyingi kuliko ya leo, lakini mikono ya kumpokea mtoto nayo ilikuwa mingi. Leo dada mkubwa yuko darasani, na ni haki yake. Tangu mwaka 2016 ada ya shule za msingi na ya sekondari hata kidato cha nne iliondolewa katika shule za serikali, wala mzazi hana udhuru. Kumtwaa binti mdogo wa watu awe yaya nako kumekatazwa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14. Na bibi yuko mbali kihambani, ambapo mama amepanga chumba Pasua au Majengo, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia, na mtoto sakafuni katikati. Mpango wa kale umeondoka, wala mpya haujawekwa. Kila mama huubuni wake, na mara nyingi huubuni usiku wa manane akiwa amechoka.

Basi twaeni karatasi na kalamu. Tuseme mama huyu ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Jirani mwaminifu amekubali kumshika mtoto kwa ujira tangu saa mbili asubuhi hata saa sita; hizo ni saa 4. Mchana mtoto hulala. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huu ahitaji kulala saa 11 hata 14 katika siku nzima, usingizi wa mchana ukiwamo. Usingizi huo wa mchana mara huwa saa mbili, mara hauwi hata moja. Mwenye busara atahesabu saa moja na nusu, wala asitumaini zaidi. Usiku, mtoto akiisha kulala, zaweza kupatikana saa 2 kabla mama naye hajalemewa. Jumla ni saa saba na nusu kwa siku, na kwa siku sita ni saa 45. Jumapili haimo.

Mtu atasema, "Saa 45 ni sawa na za mwajiriwa!" Ni kweli, sheria ile ya 2004 yaweka saa 45 kuwa mwisho wa kazi ya kawaida kwa juma. Lakini mwajiriwa hulipwa hata umeme ukikatika. Fundi yampasa kwenda mjini kutafuta uzi na zipu, kumpokea mteja ajaye kujaribu nguo kisha akaketi kuzungumza, kumpeleka mtoto kliniki, kukaa naye akishikwa na homa, na kukosa msaada siku jirani anapokwenda msibani. Kwa hayo yote nawashauri mpunguze robo. Saa 45 bila robo yake ni kama 33. Tena saa za usiku hazina thamani moja na za asubuhi. Usiku ni wa kutia vifungo na kushona pindo kwa mkono. Akataye kitambaa cha mtu usiku kwa macho mazito, asubuhi atakinunua.

Gauni moja la kitenge lenye bitana, tangu kupima hata kupiga pasi, tuseme lamchukua fundi huyu saa 6. Basi saa 33 ni magauni matano, na saa 3 zabaki kwa kurekebisha. Lakini ufikapo mwezi wa Desemba, wanaokaa Dar es Salaam na miji mingine hupanda nyumbani kwa Krismasi, harusi na kipaimara hufuatana, na sare za shule za Januari zaanza kuulizwa. Fundi aletewa magauni tisa katika juma moja, naye, kwa furaha na kwa hofu ya kupoteza wateja, ayapokea yote tisa. Tisa yataka saa 54. Yeye anazo 33. Zimepungua saa 21.

Swali la somo hili ni hili moja: zile saa 21 zatoka wapi?

Cherehani haizai saa. Zatoka kwa watu watatu. Nyingine zatoka katika usingizi wa mama, naye hulipa kwa maumivu ya mgongo na maneno makali. Nyingine zatoka kwa mteja, aambiwaye "njoo kesho" mpaka harusi imekwisha. Zilizobaki zatoka kwa mtoto, na nijuavyo mimi huyu ndiye atoaye nyingi. Sababu yake si kwamba mama hampendi. Mteja hupiga simu na kufoka. Mwili nao huuma mpaka usikilizwe. Bali mtoto hulia kidogo, kisha huzoea. Hapo ndipo penye hatari, na walimu walitie moyoni jambo hili. Mtoto aliyezoea kutoitikiwa huonekana kuwa mtoto mtulivu. Wageni humsifu. Mama mwenyewe hushukuru kwamba hamsumbui. Kumbe ameacha kuita kwa kuwa ameona kuita hakuleti kitu.

Mtoto wa umri huu hujifunza kusema kwa kujibiwa. Aonyesha kuku, mama asema "kuku". Anyosha kikombe, mama asema "umekunywa yote". Kwa hiyo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi wa Desemba 2021, iliweka malezi yenye mwitikio katika mambo yake matano makuu, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Wengine humpa mtoto simu atazame picha zichezazo, wakidhani hiyo yamjibu. Haimjibu, yasema nayo yenyewe. Shirika la Afya Duniani katika mashauri yale ya 2019 halikuruhusu kabisa mtoto wa mwaka mmoja kuketishwa mbele ya picha hizo, na kwa wa miaka miwili hata minne lilisema isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora.

Lakini nisieleweke vibaya, maana wako akina mama wema ambao hujitesa. Haimpasi mama kuketi akimkabili mtoto mchana kutwa. Mtoto mwenye afya hucheza peke yake dakika chache na vijiti vyake, hurudi, hushika goti la mama, hupewa neno moja na kuguswa kichwa, kisha huenda zake tena. Fundi aweza kuzungusha gurudumu na kumjibu mtoto. Lisilowezekana ni kufanya hivyo hali magauni manne ya nyongeza yaning'inia ukutani na harusi ni kesho.

Sasa tuulize kwa nini aliyapokea tisa. Wengi hujibu kwamba ni tamaa. Mimi sikubali. Mara nyingi kisa chake ni bei. Na tuhesabu tena. Fedha hizi ni za mfano tu, kila mmoja ataweka zake. Tuseme gauni moja ni shilingi 20,000. Matano ni 100,000. Uzi, zipu, bitana na umeme ni 3,000 kwa kila gauni, ndiyo 15,000. Ujira wa jirani ni 3,000 kwa siku, ndiyo 18,000 kwa siku sita. Zabaki 67,000, na humo mna kodi ya chumba, chakula na dawa. Mama aziona hazitoshi. Aliposhona tisa alipata 180,000. Akitoa 27,000 za vifaa na 18,000 za jirani, alibakiwa na 135,000. Asema, "Nimeongeza 68,000." Lakini amezipata kwa kuuza saa 21 ambazo hazikuwa zake.

Nimewauliza mafundi kadhaa jinsi wapangavyo bei. Wote huhesabu uzi na zipu. Karibu wote huhesabu umeme. Ujira wa mshika mtoto hawautii katika bei hata kidogo. Huutoa katika kile kilichobaki, kana kwamba mtoto ni jambo la pembeni lisilohusu gauni. Hapo ndipo kosa lianziapo. Kama hakuna wa kumshika mtoto, gauni halishonwi. Basi ujira wake ni sehemu ya gauni kama zipu ilivyo.

Basi fundi huyu apandishe bei iwe 24,000. Apokee magauni saba, si tisa wala si matano. Saba yataka saa 42. Yeye anazo 33, zimepungua 9. Saa hizo 9 na azinunue, asiziibe: amwombe jirani amshike mtoto tena saa 2 za alasiri kwa siku tano, yaani saa 10, kwa 1,500 kila siku, ndiyo 7,500. Magauni saba ni 168,000. Toa 21,000 za vifaa, toa 18,000 za asubuhi, toa 7,500 za alasiri: zabaki 121,500. Zimepungua 13,500 tu kuliko alipozipata kwa tisa, naye amelala usiku, mteja amepata nguo siku yake, na mtoto alikuwa mikononi mwa mtu muda wote ambao mama hakuwa naye. Tena, hata wateja wawili katika wale tisa wakiondoka kwa sababu ya bei, hana hasara, maana wawili hao hakuwa na saa zao.

Sisemi kwamba hesabu hii yatoka hivyo katika kila nyumba. Yako mitaa ambayo mafundi ni wengi, na apandishaye bei peke yake aweza kuketi bila kazi. Mwaka nao una majira yake: wakati wa Kwaresima harusi hupungua, na fundi aweza kupata magauni mawili tu kwa juma. Ndiyo sababu fedha za Desemba zisihesabiwe kuwa za Desemba peke yake. Lakini hata asiyeweza kuongeza shilingi moja, afadhali ajue saa zake ni ngapi, ili akizipita ajue kwamba amezipita, na kwa nini.

Juu ya ahadi sina maneno mengi. Fundi awe na daftari lenye siku za juma, na kila gauni aandike saa zake. Mteja akija, afungue daftari kabla ya kufungua kinywa. Neno "Nitakujibu jioni" halijamfukuza mteja mwema. Na fedha za kutanguliza zinunue vifaa vya nguo ile ile. Zikiliwa, yampasa fundi kupokea kazi mpya ili apate uzi wa kazi ya zamani, na mnyororo huo haukatiki kwa urahisi. Mikopo ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu ni mnyororo wa namna hiyo hiyo, wenye riba juu yake. Aliyeikopa hushona usiku kucha kwa ajili ya mwenye deni, naye mtoto hulala amevaa nguo za mchana.

Haya yote nimeyasema juu ya mtoto aliyekwisha kutembea. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita hesabu hii haifai, wala mtu asijaribu kuitumia. Mtoto huyo hupewa maziwa ya mama peke yake, pasipo maji wala uji, naye mchanga hunyonya mara nane au zaidi mchana na usiku. Saa za mama zimekatwa vipande vidogo vidogo. Sheria ile ya kazi hairuhusu aliyeajiriwa kufanya kazi kabla ya majuma 6 tangu kuzaa, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba aweza. Ajiajiriye na achukue majuma hayo 6 kuwa ndiyo chini kabisa, na zaidi kama alizaa kwa upasuaji, maana cherehani ya miguu hutumia tumbo kuliko watu wadhanivyo.

Majuma hayo hayana budi kulipiwa mapema. Mama atambuapo kwamba ana mimba, aanze kuweka. Akiweka 10,000 kila juma kwa majuma 25, atakuwa na 250,000. Nasema wazi kwamba hizi si nyingi. Ni kama mapato ya majuma mawili tu katika mfano wetu wa magauni saba. Vikundi vya VICOBA vyaweza kuongeza, maana vingi vina mfuko wa jamii ambao mwanachama hupewa kitu azaapo au afiwapo. Aulize kanuni za kikundi chake kabla ya siku kufika. Lililobaki yampasa baba kulibeba.

Akirudi kazini polepole, aweza kukamua maziwa kwa mkono safi katika chombo kilichochemshwa, na mshika mtoto akamnywesha kwa kikombe kidogo, si kwa chupa ya chuchu iliyo ngumu kusafisha. Maziwa hayo hukaa salama yapata saa 4 mahali penye baridi ya kawaida, pasipozidi nyuzi 25. Joto la Moshi la Januari na Februari huzidi hapo, kwa hiyo yasingoje muda wote huo. Lakini jirani akiwa karibu, lililo jepesi kuliko yote ni kumleta mtoto anyonye.

Sasa chumba chenyewe. Mahali pa kushonea ni mahali pa hatari kwa mtoto, nami nawaomba walimu walitaje jambo hili kwa majina ya vitu, si kwa ujumla. Sindano na pini ziwe katika kopo lenye kifuniko. Vifungo visikae sakafuni. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani, na kifungo chaweza kumziba koo. Mkasi uning'inizwe juu. Ndoo ya maji ifunikwe, maana mtoto ajifunzaye kutembea aweza kufa maji katika ndoo, kichwa chini, bila sauti. Kuhusu pasi ya mkaa, wote wajua kwamba yaunguza. Wachache wajua kwamba yaua hata isipomgusa mtu. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtoto alalaye nyuma ya pazia huivuta. Pasi iwashiwe nje, ipigwe karibu na dirisha lililo wazi, kisha irudishwe nje. Umeme ukatikapo usiku wa baridi wa Julai, hapo ndipo watu hufunga madirisha na kuuacha mkaa ndani. Wasifanye hivyo kamwe.

Nageukia akina baba. Nimesikia wanaume wema wakisema, "Humsaidia mke wangu kumshika mtoto." Ndugu yangu, mtoto ni wako, kumshika si msaada, kama vile kulipa kodi ya chumba si msaada kwa mwenye nyumba. Baba wengi katika nyumba hizi nao hawana bwana wa kazi: mmoja huendesha bodaboda, mwingine ni seremala au fundi wa rangi. Hiyo ni shida, na tena ni nafasi. Mwendesha bodaboda apata abiria wengi alfajiri na jioni, bali saa nne hata saa nane huketi kijiweni akingoja. Saa mbili katika hizo, mara tatu kwa juma, ni saa 6, ndizo gauni zima. Asione haya kupita njiani amembeba mtoto. Na baba aliyefiwa na mkewe, aleaye peke yake, hesabu yote ya hapo juu ni yake pia. Wakumbukeni hao mkialika watu kwenye somo, wasidhani ni la wanawake.

Hapa nina neno kwa sisi tuhubirio. Katika sherehe za akina mama hupenda kusomwa Mithali sura ya 31, habari za yule mke mwema aamkaye kabla ya mapambazuko, atengenezaye nguo na kuziuza. Tumelitwika akina mama fungu hilo kama mzigo wa kuni. Lakini lisomeni tena polepole, mtaona kwamba mwanamke yule alikuwa na wajakazi, na aliwagawia sehemu zao asubuhi. Hakufanya yote kwa mikono miwili. Mtume Paulo naye alishona hema Korintho pamoja na Akila na Prisila, nasi twamsifu kwa bidii. Lakini hakuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiuvuta uzi wake.

Hata bibi asisahauliwe. Wengi huleta mama mzazi kutoka kihambani amshike mjukuu, na ni jambo jema likiwa kwa mapatano. Lakini bibi ana migomba yake, ana mbuzi, ana kikundi chake, na magoti yake yamechoka. Aje kwa miezi inayojulikana, apewe fedha yake mkononi, na arudi siku iliyoahidiwa. Ujira wake utiwe katika bei ya gauni kama ule wa jirani.

Mtoto naye habaki alivyo. Karatasi iliyo sahihi leo itakuwa ya uongo baada ya miezi minne: usingizi wa mchana utafupika, kisha utakoma; atajifunza kupanda meza; atakuja kwenda darasa la awali, na asubuhi zitafunguka, lakini atarudi mchana ana njaa na habari nyingi. Kila mabadiliko kama hayo yataka karatasi mpya. Mafundi wengi hukosea hapa, wakiendelea kupokea kazi kwa hesabu ya mtoto ambaye alikuwa akilala saa mbili.

Walimu mtakaofundisha somo hili, waambieni watu waje na daftari na kalamu, mke na mume pamoja ikiwezekana. Msianze kwa maneno. Anzeni kwa kumwachia kila mmoja aandike saa zake za juma lililopita, hasa za siku ambayo mambo yaliharibika. Ndipo waandike kazi walizoahidi, na saa za kila kazi. Msimlazimishe mtu kusoma jumla yake mbele ya wengine. Wawekeni watoto nje kivulini na mtu wa kuwashika, naye alipwe kitu. Tena mkutano usiwekwe saa saba mchana, maana ndipo watoto walalapo na cherehani ziendapo, wala usizidi saa moja, kwa kuwa hiyo nayo imetoka katika zile 33.